Ufadhili wa uzamili na uzamivu: hatua za kufuata kabla na baada ya kujaza fomu

Wengi huanza kutafuta ufadhili siku wanapoona tangazo. Hapo mara nyingi zimebaki wiki chache dirisha lifungwe. Fomu yenyewe hujazika kwa wiki chache, lakini mambo yanayoamua nani achukuliwe hayapatikani kwa haraka hivyo: mwalimu anayekukumbuka vizuri kiasi cha kukuandikia barua yenye uzito, msimamizi aliyekwisha kusoma wazo lako la utafiti, na jibu lililonyooka la kwa nini mfadhili huyu atoe fedha zake kwako. Inaniuma kuona watu wenye uwezo mkubwa wakikosa nafasi kwa sababu ya kuchelewa tu. Kwa hiyo hesabu mwaka mzima kabla ya siku unayotaka kuanza masomo, na ikiwezekana miezi 18.

1. Jua fedha zinatoka wapi na mwenye fedha anataka nini

Kila mfadhili ana jambo lake analolilipia. Usipolijua utaandika insha moja, uitume kila mahali, na kila mahali itasomeka kana kwamba imeandikiwa mtu mwingine.

Serikali zinalipia uhusiano. Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, hutafuta watu watakaokuwa na ushawishi katika fani zao huko kwao. Inagharamia uzamili wa mwaka mmoja, inataka uwe umefanya kazi si chini ya saa 2,800, yaani kama miaka 2, na ukimaliza unatakiwa urudi nchini kwako ukae miaka 2. Fulbright ya Marekani, ya tangu 1946, nayo imejengwa juu ya watu wa mataifa mbalimbali kufahamiana, na sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2 limefungwa kwenye viza yenyewe ya J-1, ile ya wanaokuja kwa programu za kubadilishana. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, lina kundi la kozi za maendeleo linaloitwa EPOS: lazima uwe na miaka 2 ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Aliyehitimu juzi kwa alama za juu kabisa hana nafasi huko, na hilo halina uhusiano wowote na akili yake. Afanye kazi kwanza, au atafute kwingine.

Vyuo vinalipia ubora wa kitaaluma. Gates Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa mchango wa dola milioni 210, huangalia uwezo wa kiakili, sababu za kuchagua kozi, moyo wa kuboresha maisha ya wengine na uwezo wa kuongoza. Clarendon ya Oxford haina hata fomu yake. Ukiomba udahili kabla ya tarehe ya Desemba au Januari iliyowekwa kwa kozi yako, tayari umeingia kwenye ushindani. Ukisubiri dirisha la baadaye, unaweza kudahiliwa vizuri kabisa ukabaki na barua isiyo na fedha ndani yake.

Miradi ya utafiti inalipia kazi. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya hukuajiri kwa mkataba na mshahara. Sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umeishi katika nchi ya chuo kinachokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Marekani nako, vyuo vingi vikubwa hutoa fedha za uzamivu ndani ya barua ya udahili: ada inasamehewa, unapewa posho ya kujikimu, nawe unafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au unasaidia kwenye utafiti wa profesa. Watu huhangaika miaka wakitafuta mfadhili wa nje wa uzamivu Marekani, kumbe wangeomba udahili tu kwenye idara zinazogharamia wanafunzi wake wote.

Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, iko kati ya makundi haya. Unaomba kwa muungano wa vyuo vya nchi tofauti, unasoma katika nchi zisizopungua mbili, na posho ni yuro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Humo humo ndimo utakamotoa nauli na gharama za viza, kwa hiyo usiihesabu yote kuwa ya chakula na kodi ya nyumba.

2. Anza kusoma masharti yanayokuondoa

Ukifungua tovuti ya mfadhili, usianze na ukurasa wa manufaa. Nenda moja kwa moja kwenye vigezo: uraia, umri, mwaka wa kuhitimu, uzoefu wa kazi, fani zinazokubaliwa, na njia ya kupeleka ombi. Ufadhili wa Serikali ya China huweka umri wa chini ya miaka 35 kwa uzamili na chini ya 40 kwa uzamivu. Türkiye Bursları, ufadhili wa Serikali ya Uturuki, huweka chini ya 30 na chini ya 35. MEXT, wizara ya elimu ya Japani, inataka mwanafunzi wa utafiti awe chini ya 35, na ina milango miwili, ubalozi au chuo, kila mmoja na kalenda yake.

Njia ya ombi ndiyo inayowapita wengi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya Uingereza, kwa sehemu kubwa, unataka upendekezwe na taasisi iliyoteuliwa katika nchi yako, na taasisi hiyo huwa na taratibu na tarehe zake za ndani. Anayesoma tovuti ya Uingereza peke yake anaweza kufika akakuta orodha ya kwao ilishafungwa.

Angalia pia kama ufadhili ni kamili. Baadhi hulipa ada tu na kukuachia nauli, bima, malazi na chakula. Si vibaya kuuomba, ila ujue mapema pengo utaliziba na nini.

Tengeneza jedwali lenye jina la ufadhili, sharti gumu kuliko yote, tarehe ya kufungwa, idadi ya barua za mapendekezo na kinachogharamiwa. Yale usiyokidhi sharti lake yafute bila huruma. Kwa maoni yangu, maombi matano hadi saba yanamtosha mtu mmoja kwa mwaka. Ukizidisha hapo, insha zitaanza kufanana na wanaokuandikia barua watachoka.

3. Panga kalenda ukirudi nyuma

Kwa masomo yanayoanza Septemba au Oktoba, Chevening hufunguliwa Agosti ya mwaka uliotangulia, kozi nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, na uzamivu wa Marekani hufungwa Desemba au mapema Januari. Hesabu kurudi nyuma: rasimu ya kwanza ya insha miezi mitatu kabla, maombi ya barua miezi miwili kabla, mtihani wa lugha miezi minne kabla ili ukipungukiwa alama upate nafasi ya kurudia. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka 2, kwa hiyo usifanye mapema mno pia. Uliza kama chuo kinasamehe mtihani huo kwa aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza; vingi husamehe, na fedha zake si kidogo.

4. Barua za mapendekezo: hapa ndipo ombi hupata nguvu au huangukia

Watu huchagua jina kubwa. Wanamwendea mkuu wa kitivo ambaye hajawahi kusoma hata kazi yao moja, naye kwa wema wake anaandika hivi: "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu, alihudhuria vipindi vyote, namtakia kila la heri." Barua ya namna hiyo haina kosa lolote, na haimsaidii mtu. Jopo linasoma mamia ya barua. Sifa zisizo na tukio nyuma yake hazibaki kichwani.

Sasa linganisha na ya mhadhiri wa kawaida aliyesimamia mradi wako: "Alipoona vipimo vya visima viwili haviafikiani, hakuficha. Alirudi uwandani akachukua sampuli upya, akagundua kifaa kilikuwa na hitilafu, akaandika ukurasa mzima wa kueleza jinsi kosa hilo lingeweza kubadili hitimisho. Katika wanafunzi niliosimamia, yumo kwenye watano bora." Huyu amekufanyia kazi ambayo insha yako haiwezi kuifanya, kwa sababu mtu hajisifu mwenyewe akaaminika.

Basi chagua anayekujua kazini. Kwa uzamivu, wote wawe wanataaluma au watafiti ikiwezekana. Kwa ufadhili wa uongozi, mmoja awe msimamizi wako wa kazi. Kisha mwandikie mapema, kwa ukamilifu, na umwachie njia ya kukataa kwa heshima. Kitu kama hiki:

"Shikamoo Profesa. Ulinifundisha Takwimu mwaka wa tatu na ukasimamia mradi wangu kuhusu maji ya visima. Ninaomba ufadhili wa uzamili wa Afya ya Jamii, na dirisha linafungwa baada ya wiki tisa. Naomba kujua kama unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuniandikia barua yenye uzito. Ukiona ni vigumu, nitaelewa, na muda wa kumwomba mwalimu mwingine bado upo. Nimeambatanisha wasifu, matokeo, rasimu ya insha, na ukurasa mmoja wa vigezo vya mfadhili. Mwishoni nimeorodhesha mambo matatu ya mradi ule ambayo huenda yakakusaidia kukumbuka."

Orodha hiyo ya mwisho ni ya muhimu. Mwalimu amefundisha mamia ya watu baada yako. Mkumbushe tarehe, kichwa cha mradi, alama uliyopata, tatizo mlilolitatua pamoja. Wapo wakubwa watakaokwambia, "Andika wewe, mimi nitasaini." Usikubali. Wasomaji wazoefu hutambua mkono mmoja ukiandika insha na barua, na hilo linaweza kuhesabiwa udanganyifu. Jibu kwa upole kwamba utampa hoja, yeye aandike kwa maneno yake.

Jambo dogo la kiufundi: mifumo mingi hutuma kiungo kwa barua pepe ya mwandishi, tena hupendelea anwani ya taasisi. Barua hiyo huangukia kwenye kapu la taka mara nyingi. Siku unapomwingiza kwenye mfumo, mpigie simu umwombe aangalie. Mkumbushe tena wiki mbili kabla, na siku tatu kabla.

5. Insha: onyesha tukio, kisha useme maana yake

Hapa ndipo wengi wenye uwezo hupotelea kwenye maneno mazuri. Tazama mwanzo huu wa insha ya uongozi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuleta mabadiliko katika jamii. Kama kiongozi shupavu, ninaamini elimu ni ufunguo wa maendeleo." Ondoa jina la mwandishi, weka la mtu yeyote duniani, nayo itabaki vilevile. Msomaji hajapata chochote cha kukuhusu.

Mwombaji yuleyule, akiwa muuguzi, angeweza kuandika hivi: "Wodi yetu ilikuwa na madaftari matatu ya dawa, na zamu ya usiku ilikosea dozi kwa sababu kila daftari lilikuwa na maelezo yake. Nilimwomba muuguzi mkuu tujaribu daftari moja kwa wiki nne. Wenzangu wawili walikataa. Nilikaa nao zamu mbili, nikaona fomu niliyotengeneza ilikuwa ndefu mno kwa mtu mwenye wagonjwa thelathini, nikaipunguza nusu. Mwezi ulipoisha wodi mbili nyingine ziliomba kuiga." Hakuna neno uongozi humo, lakini kila anayesoma ameuona: tatizo, kibali, upinzani, kusikiliza, kurekebisha, matokeo. Sentensi inayofuata ndiyo itaje kozi: huyu anataka kusoma usimamizi wa mifumo ya afya kwa sababu marekebisho ya wodi moja hayafiki hospitali nzima bila mtu anayejua bajeti, takwimu na sera.

Kuhusu kozi, taja mambo yanayoonyesha umeisoma: somo fulani la muhula wa pili, maabara fulani, mhadhiri ambaye utafiti wake unagusa swali lako. Kusema chuo ni maarufu au kiko juu kwenye orodha za ubora hakumsaidii anayetafuta sababu ya kukuchagua.

Mpango wa baadaye nao usiwe ndoto ya jumla. Gawa sehemu mbili: miaka miwili ya mwanzo baada ya kuhitimu, kwa cheo na aina ya taasisi unayolenga, kisha miaka kumi. Na ufanane na anacholipia mfadhili. Anayetaka urudi nyumbani asisome kwamba unapanga kuhamia kwingine.

Jibu swali lililoulizwa, ndani ya idadi ya maneno iliyotajwa. Wafadhili kadhaa sasa wanakataza insha zilizoandikwa na akili unde (AI), na hata pasipokatazwa, programu hizo hukurudisha kwenye yale maneno ya shauku na ufunguo. Mpe rasimu mtu wa fani yako na mtu asiyejua lolote kuihusu. Wa kwanza atakamata makosa, wa pili atakwambia pasipoeleweka.

6. Kwa uzamivu, tafuta msimamizi kabla ya fedha

Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, ombi la uzamivu lisilo na msimamizi anayelitaka hufika mbali kwa nadra. Soma makala zake mbili za karibuni, kisha mwandikie aya tatu fupi: wewe ni nani, swali lako ni lipi na linaungana wapi na kazi yake, na unataka kuomba ufadhili upi. Ambatanisha wasifu na ukurasa mmoja wa wazo. Usitume barua moja kwa watu arobaini. Maprofesa wa idara moja huzungumza. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha endelea kwa mwingine.

Andiko la utafiti liwe na swali moja linaloweza kujibiwa kwa miaka 3 au 4. Kosa la kawaida ni kutaka kumaliza tatizo zima la elimu, au la tabianchi, au la ajira. Eleza waliotangulia wamefika wapi, pengo liko wapi, data utaipata kwa njia gani, na nini kitakachokwamisha. Aya inayokiri ugumu wa kupata data huongeza imani ya msomaji. Kwa Marekani mara nyingi hutakiwi andiko kamili wakati wa kuomba, bali maelezo ya mwelekeo wako wa utafiti.

7. Nyaraka, na matapeli

Pasipoti iwe hai kwa muda mrefu. Jina kwenye pasipoti, vyeti na fomu liwe lilelile herufi kwa herufi. Likitofautiana, shughulikia hati ya kiapo mapema. Omba nakala za matokeo zilizogongwa muhuri chuoni kwako miezi kadhaa kabla, maana ofisi hizo huchelewa. Usibadilishe alama zako kwenda mfumo wa nchi nyingine kwa hesabu zako. Andika zilivyo na uambatanishe maelezo ya mfumo wa chuo chako.

Ada ya kuomba udahili ipo kweli katika vyuo vingine, hasa Marekani, na unaweza kuandika kuomba usamehewe. Lakini anayekudai ada ili "kuachilia" ufadhili uliokwisha kushinda ni tapeli. Mfadhili wa kweli hatumi ujumbe wa ushindi kwa mtu ambaye hakuomba, wala hatumii akaunti ya mtu binafsi.

8. Usahili

Andaa matukio sita ya kweli kutoka kazini na masomoni, moja likiwa la kushindwa, na ujizoeze kusimulia kila moja kwa dakika mbili kwa sauti, mbele ya mtu. Soma upya insha zako usiku wa kuamkia usahili, kwa sababu maswali mengi hutoka humo. Swali linalowatikisa wengi ni kama hili: hiyo kazi unayotaka kuifanya, kwa nini huwezi kuifanya bila shahada hii? Ukiwa na jibu lenye ujuzi mahususi unaokosa sasa, mengine yatakuwa mepesi. Kama ni kwa mtandao, jaribu sauti na kamera siku iliyotangulia na uwe na simu yenye bando pembeni.

9. Jibu likija

Barua ya ufadhili ni mkataba, isome yote. Tafuta tarehe ambayo fedha za kwanza zinaingia, kwa sababu amana ya nyumba hudaiwa kabla. Tafuta kama viza, bima na wategemezi vinagharamiwa, kinachotokea ukiahirisha au ukifeli somo, na kama unaruhusiwa kufanya kazi au kupokea ufadhili mwingine. Kwa vyuo vya Marekani vilivyosaini makubaliano ya Aprili 15, hulazimiki kujibu ofa ya fedha kabla ya tarehe hiyo, hata ukisukumwa. Kwingine tarehe ni fupi. Ukihitaji siku zaidi, omba kwa maandishi.

Ukiwekwa kwenye orodha ya akiba, jibu kwamba bado unaitaka nafasi, na utaje jambo jipya kama lipo: makala iliyokubaliwa, cheo kipya. Wengine huitwa wiki chache kabla ya safari.

Ukikosa, omba maoni kama mfadhili huyatoa. Kama udahili umepata na fedha hukupata, iandikie ofisi ya udahili uulize kama nafasi yako inaweza kusogezwa mwaka mmoja. Vyuo vingine hukubali, vingine hukutaka uombe upya. Wajulishe waliokuandikia barua matokeo yalivyokuwa, uwashukuru, na uwaulize kama watakuwa tayari kuzihuisha dirisha likifunguliwa tena.